Programu inapoificha data isiyofaa

Mwezi uliopita niliketi na kijana mmoja ofisini kwetu, Kinondoni, tukitafuta sababu ya ramani yake ya nyumba za Bonde la Msimbazi kutolingana na mto. Nyumba zote zilikuwa zimehama mita 300 hivi, hata baadhi ya zile za Jangwani, ambazo hufurika kila masika, zikaonekana ziko mahali pakavu.

Wenye kazi ya kuchora ramani wataijua hitilafu hiyo mara moja. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, ilhali GPS hutumia mfumo mwingine, WGS 84, na hapa kwetu mifumo hiyo hupishana kwa takriban umbali huohuo.

Hata hivyo, lawama ni yetu tulioandika programu ya ramani aliyoitumia. Orodha yetu ilionyesha mafaili ya WGS 84 pekee na kuyaficha mengine bila neno lolote. Kijana alilitafuta faili lake asilione, akadhani limeharibika, kisha akagundua kwamba akilibandika jina la WGS 84 bila kuzigusa namba za mahali zilizomo, linapokelewa. Kizuizi tulichokiweka kulinda usahihi ndicho kilichomfundisha kuidanganya mashine, na tangu hapo faili halikuwa na alama yoyote ya kumwonya atakayelifungua.

Sasa naamini faili lisilofaa lionekane pamoja na sababu yake, na programu ijitolee kulibadilisha. Kukataa kabisa kuwe kwa yasiyowezekana tu, kama latitudo ya 95, ilhali latitudo huishia 90. Nukta inayoangukia baharini ni jambo la kuulizia tu, kwani huenda mtu anapima boya karibu na Kigamboni.

Mwenzangu mmoja anapinga, akisema watu hubofya "Sawa" bila kusoma. Ni kweli, nami nimewaona; ndiyo maana onyo letu jipya halisemi "mfumo haulingani", bali linasema "nyumba hizi zitasogea mita 300".

Faili la awali tulilikuta kwenye flashi yake, tukalibadilisha inavyopasa, na nyumba zikarudi kandokando ya mto. Nakala mbili zilizokosewa zilikuwa zimekwisha kuwafikia wenyeviti wa mitaa, tukawapigia simu mmoja mmoja kuwaomba wasizitumie.