Koyote alipona, mtaa ndio ulionipa kazi

Najitolea kwenye kituo cha kutibu wanyamapori kusini mwa California. Huku kuna koyote, anafanana na bweha wa kwetu, naye hukaa mjini kabisa. Anakula panya, sungura na matunda yaliyodondoka uani.

Wetu aliletwa na upele, mkia hauna manyoya, macho yameziba kwa magamba. Upele unatibika. Banda tulilifunika turubai, na karibu naye hatukusema neno, asije akazoea watu.

Shida ilikuwa kumrudisha. Koyote aliyepona huachiwa karibu na alikookotwa, na mtaa ule ulishamchoka. Paka wawili walipotea, na mama mmoja alifuatwa akitembeza mbwa wake. Mkutano wa kwanza nilikwenda na makaratasi yangu, nikahutubia. Walinizomea, na sikuwalaumu sana.

Safari ya pili nilipita nyumba kwa nyumba, nikawaacha waseme wao. Yule mama nikamuuliza, ilikuwa mwezi gani? Mei. Basi, msimu huo wana watoto pangoni: alikuwa akisindikizwa atoke eneo lao, hakuwa akiwindwa. "Na paka?" Paka huliwa kweli, sikumficha, walale ndani.

Nyumba ya mwisho alikaa mzee mmoja peke yake. Mlango wa nyuma palikuwa na sahani ya bati, imerambwa ikang'aa.

"Ya paka wa mtaani," akasema.

Sikubishana. Nilimwita penye bomba, kwenye tope, nikamwonyesha nyayo. Kucha zimejichora mbele ya kila kidole. Paka akitembea huficha kucha. Mzee aliinama, akatazama kwa muda, akaichukua sahani akaingia nayo ndani.

Kilichobaki ni kuwaonyesha namna ya kumfukuza koyote, nami niliijua tangu utoto, nilipokuwa nashinda shambani Kyela naamia ndege kwenye mpunga. Kopo, sarafu ndani, simama wima, piga kelele. Usikimbie, wala usinyamaze kabla hajatokomea, la sivyo atajifunza kwamba kelele huisha.

Tulimwachia jioni. Siku ya nne mzee akanipigia simu.

"Amekuja. Kasimama palepale pa sahani. Nimetikisa kopo mpaka jirani kawasha taa."

"Akaondoka?"

"Mbio! Ila kopo limefunguka, sarafu zote ziko kwenye majani. Njoo tuziokote."