Tangu lini?

Jumatano asubuhi, baada ya zamu ya usiku

Neno "amechanganyikiwa" limejaa kwenye mafaili ya wazee, na mara nyingi limeandikwa peke yake, kana kwamba limemaliza kazi. Linakosa neno la pili: tangu lini? Bibi aliyeanza kusahau miaka mitatu nyuma, kidogo kidogo, hadi akapotea njia ya sokoni, huenda ana demensia, akili inayopungua polepole kwa miaka. Aliyehesabu chenji yake juzi bila kukosea na leo anaweweseka ana deliriamu, akili iliyovurugwa ghafla na ugonjwa au dawa, na hiyo ni dharura sawa na kifua kinachobana. Ubaya ni kwamba deliriamu humpenda zaidi mwenye demensia. Ikimpata, ndugu husema ni uzee, na wodi nayo huitikia.

Jibu la "tangu lini" analo anayelala naye nyumba moja. Mtoto aliyefika na basi la usiku kutoka mjini huwa hajui, hata kama ndiye anayelipa bili. Tena swali "ana shida ya kumbukumbu?" halisaidii. Afadhali kuuliza: wiki iliyopita alikula mwenyewe? Alifika chooni mwenyewe? Wajukuu alikuwa akiwaita majina yao? Na je, kuna saa anakuwa sawa kisha anaharibika tena? Kupanda na kushuka ndani ya siku moja ni alama kubwa ya deliriamu.

Tahadhari ya salamu. Mzee ukimwamkia "shikamoo" atakujibu "marahaba, mwanangu, hujambo?" vizuri kabisa, na muuguzi ataandika kwamba anajitambua. Salamu iliyorudiwa maisha yote hutoka yenyewe hata akili ikiwa imevurugika. Haipimi kitu.

Kipimo cha 4AT, cha kutafuta deliriamu kitandani, huchukua kama dakika mbili: uchangamfu, maswali manne (umri, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo, mwaka huu), umakini, na mabadiliko ya ghafla. Alama 4 au zaidi, shuku deliriamu. Lakini hapa kwetu kinaweza kumwonea mtu. Wapo wazee ambao tarehe yao ya kuzaliwa haikuandikwa popote. Wanachojua ni kwamba walizaliwa msimu fulani wa njaa. Kipimo pia kinataka miezi ya mwaka kinyumenyume kuanzia Desemba, na aliyezoea "mwezi wa kumi na mbili, wa kumi na moja" anajikuta anahesabu namba tu. Siku za juma kurudi nyuma, Jumapili, Jumamosi, Ijumaa, hazimo kwenye alama za 4AT, ila zinaonyesha haraka kama anaweza kushika wazo moja bila kuliangusha. Kwa demensia yenyewe, kipimo cha IDEA kilichotengenezwa Hai, Kilimanjaro, kinamtendea haki asiyesoma: badala ya kumpa kalamu achore, kinampa vijiti vya kiberiti apange.

Anayepiga kelele na kuchomoa dripu ataonwa na kila mtu. Wa kuogopewa ni yule mtulivu, anayelala mchana, anayeachia sentensi katikati, asiyegusa uji. Wodi humsifu kuwa hasumbui, wakati hali yake inazidi kuharibika.

Sababu huwa zaidi ya moja, kwa hiyo ukiipata ya kwanza usifunge daftari. Pima sukari mara moja. Mzee anayemeza glibenclamide, dawa ya kisukari, na ameacha kula huamka akipewa glukosi, kisha baada ya saa chache sukari inashuka tena, kwa sababu dawa bado imo mwilini. Apimwe mara kwa mara hadi kesho yake. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, maana nimonia ya mzee inaweza kuja bila homa. Pima malaria. Bonyeza chini ya kitovu: shuka lililolowa halimaanishi kibofu kitupu, huenda kimejaa hadi kinafurika. Uliza choo kilipatikana lini. Mkojo wenye bakteria usikuridhishe haraka. Kwa bibi wengi bakteria wamo bila kuwaumiza, na ukiwapa lawama zote nyonga iliyovunjika inabaki bila kupigwa picha.

Kisha mwaga mfuko wa dawa kitandani, pamoja na zile za duka la mtaani. Piriton ya mafua, amitriptyline ya miguu inayowaka, promethazine ya usingizi: kila moja peke yake inaonekana ndogo, zikikutana zinavuruga akili, zinafunga choo na mkojo. Diazepam ya kumtuliza kwa kawaida huongeza moto. Pombe iliyokatwa ghafla siku mbili tatu zilizopita ni habari nyingine, hapo dawa za jamii ya diazepam ndizo tiba. Haloperidol, dawa nyingine ya kutuliza, ni kwa aliye hatarini, nusu miligramu kwa kuanzia, na si kwa mwenye ugonjwa wa Parkinson au aina ya demensia iitwayo ya Lewy.

Kumfunga mikono kunaleta vita. Kuta za kitanda nazo ni mtego: ataziruka, na ataanguka kutoka juu zaidi. Kinachosaidia ni vitu visivyo na heshima wodini: miwani yake, meno yake ya bandia, kikombe cha chai mkononi kila baada ya saa moja au mbili (akiwa macho, ameketi wima, na moyo au figo hazimkatazi maji), mpira wa mkojo utolewe ukikosa kazi, taa zizimwe usiku, dawa na vipimo vikusanywe asiamshwe mara tano. Akisema anataka kwenda kwa mama, usimwambie mama alishafariki. Kwake huo ni msiba mpya. Mwulize mama alikuwa akipika nini.

Kwenye makabidhiano, "confused" ifutwe. Iandikwe: "Tangu jana jioni. Siku za juma hazimalizi. Saa nne alijua yuko hospitali, saa nane hakujua. Choo siku ya tano." Na ndugu waelezwe kabla ya ruhusa kwamba ukungu huu unaweza kuchukua wiki kadhaa kutoka, hivyo asipimwe demensia sasa, wala shamba lisigawanywe.