Chakula kinapoa

Leo Ijumaa na mimi kimawazo bado nipo palepale mezani pa Jumapili iliyopita, na upawa wa mboga mkononi. Wiki yenyewe imekuwa na mambo, kazini tumehamishiwa ghorofa ya pili, dada kafanyiwa operesheni ya lile jicho la pili na anaona vizuri, Mungu ni mwema, lakini nikiweka kichwa kwenye mto kinachokuja ni yale maneno tu.

Si mnamjua kijana wetu wa chuo, mtoto wa dada, ninayemwita baba maana karithi jina la baba yetu. Alikuja kula, na kama kawaida yake siku hizi tulipoomba hakufumba macho, nikanyamaza. Baadae akaanza mwenyewe, kwa heshima kabisa: "Mamdogo, mi naona hii ni dini ya wazungu tu, tuliletewa na meli."

Jamani nilikuwa nimejiandaa. Yale mafundisho ya Jumatano ya kutetea imani niliyowaandikia humu, daftari limejaa mpaka kwenye jalada. Nikaanza na towashi wa Kushi, Mwafrika aliyebatizwa kwenye Matendo 8, nikaja Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, kwa mfalme Ezana, karne ya 4, aliyetoa alama ya mwezi kwenye sarafu zake akaweka msalaba, nikamwambia hapo bado zaidi ya miaka 200 ndo watawa waliotumwa na Papa Gregori wafike kwa Waingereza wa Kent mwaka 597, nikaenda kwa Mtakatifu Agostino, yule mwalimu mkubwa wa Kanisa, aliyezaliwa 354 Thagaste ambayo leo ni Algeria, nikaja mpaka kwa wale vijana wa kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, waliochomwa kwa ajili ya imani yao Namugongo 1886, maana hakuna mzungu aliyewashika mkono kuwaingiza motoni. Yaani nilikuwa siwezi kusimama.

Alisikiliza yote. Akaweka kijiko chini, akaniangalia. "Sawa mamdogo. Kwa hiyo wewe ulimwamini Yesu kwa sababu ya Ezana?"

Nikamwambia kula baba, chakula kinapoa.

Basi hivyo tu. Hakukasirika, alikula, akaosha na sahani yake, akaaga. Na mimi toka hapo namjibu, kwenye daladala namjibu, kwenye foleni ya benki namjibu, kila mara jibu jingine. Mstari wetu wa Jumatano ni 1 Petro 3:15, tumeukariri wote, mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu, ila usiku wa Jumatatu nimeusoma upya taratibu nikaona tunatakiwa tuwe tayari kueleza habari za tumaini lililo ndani yetu. Ndani yetu. Aksum haipo ndani yangu, Aksum ipo kwenye daftari.

Sisemi zile tarehe hazina kazi, zina kazi sana, mtu akidanganywa kwamba Afrika haikumjua Kristo kabla ya mkoloni lazima aambiwe ukweli. Ila ningeanza kwa kukubali alipo sahihi. Kwetu Rungwe Injili ililetwa na Wamoraviani mwaka 1891 na ni kweli walikuwa Wajerumani, ningesema ndiyo baba, hapo umesema kweli, halafu nimuulize hiyo "ya wazungu" inamuuma wapi. Sikumuuliza hata swali moja.

Jana usiku nimemtumia vois, dakika sita. Nimemwambia habari za bibi. Babu alipofariki, shemeji wa bibi alichukua shamba la migomba la upande wa mtoni, na bibi kila Jumamosi alinituma nimpelekee huyohuyo maziwa, kidumu cha lita tatu kimezibwa kwa gunzi la mahindi, mimi nina miaka tisa, natembea nimenuna njia nzima. Siku moja nikamuuliza bibi kwa nini tunampa, akaniambia, "Na mimi nilisamehewa." Akaendelea kukamua. Nimemwambia kijana, baba, mimi ndo nilianzia pale, kwenye kile kidumu, nikataka kumjua aliyemsamehe bibi kiasi hicho.

Asubuhi nikaona tiki za bluu. Kaandika: "Na huyo shemeji aliyapokea?"

Nimekaa kitandani nikalia, siyo kwa huzuni, maana hilo ndo swali la kwanza amenitafuta mwenyewe kuniuliza toka aanze chuo. Nikamjibu aliyapokea, hakuwahi kusema asante, ila kidumu alikuwa anakirudisha kimeoshwa, na lile gunzi kabadilisha kaweka jipya. Kasema Jumapili anakuja, nipike ndizi.

Sasa hapa naandika huku naangalia mita ya maji nje, koki zote nimefunga mwenyewe mpaka ya choo cha uani, na ile sindano nyekundu bado inazunguka. Fundi wa mwezi uliopita kashapokea hela yake na simu hapokei. Naogopa bomba limepasuka chini ya ule msingi mpya.