Hesabu ya ndege moja: Jenny na injini yake ya OX-5

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Marekani liliuza kwa bei ya kutupa ndege zake za mafunzo, Curtiss JN-4, maarufu kama Jenny. Mwaka 1923 rubani Charles Lindbergh alinunua yake kule jimbo la Georgia kwa dola 500, injini mpya ikiwemo. Kununua hakukuwa shida. Shida ilikuwa ndege ijilishe yenyewe kwa nauli, maana marubani walionunua Jenny walizunguka mashambani wakirusha watu kwa malipo.

Wengi hudhani petroli ndiyo iliyowafilisi marubani wale. Wapi! OX-5 ilikunywa kama galoni 9 kwa saa, na galoni ilikuwa kama senti 25. Abiria alilipa dola 5 kwa dakika chache tu, kwa hiyo wa kwanza alishalipia petroli ya saa mbili. Hasara ilikuwa ndege kulala chini Jumapili, watu wamefurika shambani na pesa mkononi.

Na OX-5 haikukosa sababu ya kulala. Magneto, kifaa cha kuzalisha umeme wa cheche, ilikuwa moja, na kila silinda ilikuwa na plagi moja. Ikigoma, hakuna ya akiba. Roka za valvu, yaani mikono midogo inayozifungua valvu, zilikaa nje, mafuta ya injini hayakuzifikia. Zisipopakwa grisi kwa mkono kabla ya kuruka, zililika. Pampu ya maji nayo ilivuja, na maji yakipungua injini inachemka. Petroli ya mapipa ilichujwa kwa faneli yenye ngozi laini iliyoloweshwa kwanza kwa petroli. Ikishalowa hivyo, hupitisha petroli na kuzuia maji.

Mabawa yalikuwa kitambaa kilichokazwa kwa dopu, aina ya vanishi. Kikichanika: shona, kwangua dopu kuukuu pembeni, bandika kiraka, kisha paka dopu tabaka kwa tabaka, kila moja ikauke. Usiku ng'ombe wafukuzwe, maana hulamba dopu na kutafuna kitambaa. Mwenye shamba walilotumia mara nyingi alilipwa kwa kurushwa bure.

Udhaifu mkubwa ulikuwa kiti kimoja tu cha abiria. Kila dakika ya kupandisha na kushusha watu ilikula nauli. Kuzima injini nako ni kazi, kwani iliwashwa kwa kuzungusha pangaboi kwa mkono. Ikiachwa inaunguruma, lazima awepo msaidizi wa kumleta abiria kutoka nyuma ya bawa, asipite mbele kamwe.

Sheria ya Marekani ya usafiri wa anga ya 1926 ilileta ukaguzi, na Jenny nyingi hazikuuweza. OX-5 haikufa nazo. Ndege aina ya Waco 10 ya 1927 ilifungwa injini hiyohiyo, ila kiti cha mbele kilichukua abiria wawili: petroli ya mruko mmoja, nauli mbili.