Kete Zisizolala

Baridi ya Juni Mbeya hukamata hata vidole vya mtu anayechapa. Usiku ule tulikuwa watatu kwenye meza moja, ukumbini pale Soweto, blanketi mabegani, chupa ya chai ya tangawizi katikati. Mashindano ya kutengeneza gemu za kompyuta yalikuwa ya saa 48, mtindo uleule wa Global Game Jam, ya dunia nzima, iliyoanza mwaka 2009: Ijumaa saa 12 jioni mnatajiwa mada, Jumapili saa 12 jioni mnakabidhi gemu. Kanuni moja ilisomwa mara mbili: kazi ianze baada ya mada kutajwa, na mwenye kitu alichokiandaa nyumbani akitangaze kabla.

Mada ilikuwa "mzunguko". Mimi ndiye niliyesema tutengeneze bao, na wenzangu wakafurahi. Sikuwaambia kwamba kwenye flashi yangu kulikuwa na msimbo wa bao, yaani maagizo ya kompyuta, niliouandika wakati wa likizo.

Bao linaonekana jepesi mpaka ujaribu kulieleza kwa kompyuta. Mashimo 32, kete 64, kila mchezaji na kete 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza mchezoni moja moja. Kuteka kete za mwenzio ni lazima pale unapoweza. Ukimaliza kusambaza, kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, zamu inakwenda kwa mwenzio. Ya kwetu haikulala. Kete zilizunguka, zikazunguka, mpaka kompyuta ikaganda.

Jumamosi usiku, saa 9, wenzangu wakiwa wamesinzia, nikachomeka flashi. Dakika mbili tu, gemu ikalala vizuri.

Mwenzetu wa Iyunga aliamka, akasoma mistari ile kwa muda mrefu. "Kaka, hii umeandika lini?"

Nilitaka kusema sasa hivi. Maneno yalifika mdomoni kabisa. Nikamwambia kweli.

Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alimwamsha dada wa Uyole, yule wa michoro, tukakaa watatu. Dada akauliza swali moja tu: wale wa meza ya jirani, waliokuwa wanachora magurudumu yao tangu Ijumaa bila kulala, nikiwatazama nitawaambia nini? Tukafuta. Kulipokucha tukamweleza msimamizi. Akaandika kwenye daftari lake, akasema endeleeni.

Kabla ya hapo, lakini, kulikuwa na kazi. Dada alitoa punje za mahindi kwenye mkoba, za kukaanga, akachora mashimo kwenye karatasi. Mwenzetu akawa anasoma msimbo wetu mstari kwa mstari kwa sauti, na dada anatii kama kompyuta: chukua, weka, weka, weka. Asiongeze akili yake hata kidogo. Mimi natazama mikono yake.

"Weka ya mwisho," akasoma mwenzetu. Dada akaweka. "Sasa angalia kama shimo ni tupu."

Dada akasimamisha kidole juu ya punje ile moja. "Litakuwaje tupu na mimi nimeshaweka?"

Tulikuwa tumepanga vibaya. Kompyuta ilikuwa inaangusha kete kwanza, ndipo inauliza kama shimo halina kitu. Basi jibu lilikuwa hapana siku zote. Wiki nzima ya likizo nilihangaika na kosa hilohilo, nikalizunguka kwa mistari arobaini hovyo. Mtu ambaye hajawahi kuandika programu alilikuta na mahindi. Tukahamisha mstari mmoja juu ya mwingine.

Muda wa sauti haukupatikana, wala wa kucheza dhidi ya kompyuta. Hatukushinda; walishinda wa magurudumu, na gemu yao ilikuwa nzuri kweli.

Jioni ile ya Jumapili yetu ilipowekwa ukutani, mzee mmoja mcheza bao aliitwa aijaribu. Alinamua, akateka, kete zikazunguka safu mbili za upande wake. Ya mwisho ikadondoka peke yake kwenye shimo, ikatulia.

"Imelala," dada akanong'ona, akanishika mkono.