Siku Tulipoing'oa Chipu ya DSP

Mwaka 2012 nilikuwa kwenye kikundi kidogo kilichotengeneza kifaa cha kuwasaidia watu wenye usikivu hafifu. Kilikuwa na maikrofoni mbili: moja ilielekezwa kwa msemaji, ya pili ilinasa kelele za chumba. Programu ilijifunza jinsi kelele zinavyoifikia maikrofoni ya kwanza, ikazitoa humo, ikabaki sauti ya mtu. Hesabu yenyewe ni ya zamani. Kanuni ya kichujio kinachojirekebisha chenyewe, kama hicho chetu, ilibuniwa na Bernard Widrow na Ted Hoff mwaka 1960, na Hoff huyohuyo alikuja kuwa miongoni mwa waliobuni maikroprosesa (ubongo wa kompyuta kwenye chipu moja) ya kwanza ya Intel, 4004, iliyotoka 1971. Jambo hilo hunifurahisha kila nikilikumbuka.

Kilichotukwamisha ni bei. Ndani ya kifaa mlikuwa na chipu ya DSP, yaani chipu maalumu ya kuchakata mawimbi kama ya sauti, kumbukumbu zake za nje, na chipu nyingine ya kawaida ya kusimamia vitufe na betri. Wengi waliokihitaji hawakuweza kukimudu. Ndipo mhandisi wetu mkuu, mzee aliyeanzia kazi kwenye modemu, akaniwekea mezani bodi ya majaribio ya chini ya dola 20 za Marekani, yenye maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo kwenye chipu moja, ya aina ya Cortex-M4.

"Mwanangu, hamishia kichujio humu. Kiingie chote."

"Mzee, si hii ni ya kusimamia vitufe tu?"

Akavuta karatasi, akaanza kupiga hesabu. Ukichukua sampuli, yaani vipimo vya sauti, 8,000 kila sekunde, kati ya sampuli moja na inayofuata una maikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 125. Kazi yote lazima iishe humo, maana sampuli inayofuata haisubiri. Na kazi yenyewe karibu yote ni kuzidisha na kujumlisha, kuzidisha na kujumlisha. Chipu ya kompyuta ya Intel 8086 ya mwaka 1978, ikienda kwa megahezi 5, yaani mipigo milioni tano kwa sekunde, ilitumia zaidi ya maikrosekunde 20 kuzidisha namba mbili za biti 16. Kwa hiyo kati ya sampuli mbili ungezidisha mara tano tu, basi. Kichujio chetu kilihitaji mamia.

Hapo ndipo chipu za DSP zilipopata kazi. Alinieleza habari za TMS32010, chipu ya DSP ya kampuni ya Texas Instruments, aliyoitumia ujana wake, kwa mapenzi ambayo sijamsikia mtu akiyaonyesha kwa chipu nyingine. Iliingia sokoni 1983 ikiwa na kizidishi kamili, yaani sakiti ya kuzidisha, ndani yake, na ilitekeleza amri moja kwa nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 200. Kuzidisha kulikokuwa mzigo wa 8086 kukawa amri ya kawaida. Lakini kumbukumbu yake ya ndani ya data ilikuwa na nafasi 144 tu za kuweka namba, na kichujio kirefu hakikuenea. "Tulikuwa tunagombania kila nafasi," alisema, na nilimwamini.

Alipofika kwenye Cortex-M4 aliandika mstari mmoja tu: megahezi 168, kuzidisha na kujumlisha kwa mpigo mmoja wa saa, yaani takriban nanosekunde sita. Katika maikrosekunde zetu 125 mna mipigo 21,000.

Nilikuwa nimezoea kudhani kwamba bei ilishuka kwa sababu transista, vile viswichi vidogo vya umeme ndani ya chipu, zilizidi kuwa ndogo. Ni kweli, ila mzee alinionyesha upande mwingine, na hadi leo nauona ndio mzito zaidi. Mwaka 1978 Texas Instruments walitia chipu ya kuunda usemi ndani ya Speak & Spell, kifaa cha kuchezea cha watoto. Kisha zikaja modemu, diski za kompyuta, na simu za mkononi za kidijitali za GSM zilizoanza kutumika 1991. Kila simu ya aina hiyo ilihitaji kuchakata sauti, na simu zilinunuliwa kwa mamilioni mengi. Gharama ya kubuni chipu ikagawanywa kwa wanunuzi wote hao. Mwishowe kizidishi cha haraka kikaonekana kitu cha lazima, kikaingizwa hata kwenye vichakataji vya kawaida. Uwezo ule wa DSP haukupotea, umehamia ndani ya chipu iliyokuwa ikisoma vitufe vyetu.

Kuhamisha programu hakukuwa na tabu kubwa. Nikaweka amri ya kuwasha pini moja kichujio kinapoanza na kuizima kinapomaliza, nikaunganisha oskiloskopu, chombo kinachochora mabadiliko ya umeme, ili nione pini inawaka kwa muda gani. Kichujio cha hatua 256, yaani kinachozidisha sampuli 256 za mwisho, pamoja na kujirekebisha kwake, kilikwisha kabla ya maikrosekunde 20. Nilirudia kupima, maana sikuamini macho yangu. Sehemu kubwa ya muda chipu ilikuwa imekaa bure, na mzee akaniambia niilaze usingizi kati ya sampuli ili betri idumu.

Alasiri akaja mama mmoja aliyekuwa akijitolea kutujaribia vifaa. Tuliwasha feni kubwa kando yake, mzee akasimama upande wa pili wa chumba na kumsomea maneno bila mpangilio, akiwa ameficha midomo kwa karatasi. Mama aliyarudia moja baada ya jingine. Kisha akatugeukia.

"Sasa namsikia anayesema. Feni ipo, lakini iko mbali." Akanyamaza kidogo, akauliza: "Na sikio la pili, je?"

Kwa chipu ya zamani swali hilo lingemaanisha chipu ya pili na bei maradufu. Mzee alinitazama. Nilishaona kwenye oskiloskopu ni muda kiasi gani umebaki, nikamjibu mama kwamba la pili litaingia kwenye chipu ileile, bei ya chipu isiongezeke hata senti. Jioni hiyo nikaanza kuandika programu ya sikio la pili.