Visu vya jiko la samaki: nilivyochagua vyangu

Nyumbani kwetu Pasiansi, Mwanza, wiki haipiti bila samaki. Sato wa kuchemsha, sangara wa kukaanga, dagaa, na katikati hapo sukuma, mchicha, vitunguu, nyanya, nyama ya Jumapili. Nilipotaka kununua visu vya maana nilianza na orodha hiyo, dukani nikaenda baadaye. Zile seti za visu vingi vilivyochomekwa kwenye kigogo cha mbao zinavutia, na Makoroboi zimejaa. Ila kila nilipojiuliza kisu hiki kwangu kitakata nini, vingi sikuvipatia kazi. Kwa pesa ya seti nzima unapata visu vitatu vinavyoeleweka na jiwe la kunolea juu yake.

Somo la kwanza nililipata kwenye soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, kwa mama mmoja anayepara na kupasua samaki wa wateja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nikupasulie?"

Nikamwambia nipasulie, ila na hicho kisu nikione. Akacheka, akaendelea na kazi. Kilikuwa chembamba, kimenolewa mpaka bapa limebaki upana wa kidole, mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli. Magamba aliyatoa kwa mgongo wa kisu, makali hakuyagusisha. Kisha akaingiza ncha nyuma ya shavu la sato, akashuka hadi kugusa uti, akalaza bapa na kuvuta kuelekea mkiani. Kisu kilikuwa kinapinda kufuata mifupa, na mnofu ukatoka mzima. "Kisu kigumu kinaacha nyama kwenye mifupa," akaniambia. "Ukikilazimisha, ncha inakatika." Kando yake palikuwa na gogo na panga kwa ajili ya vichwa vya sangara. Panga hilo halikuwa na kazi nyingine.

Basi kisu changu cha kwanza kikawa cha aina hiyo: chembamba, kinachopinda, urefu wa sentimita 15 hivi bila mpini. Mpini nilichagua wa plastiki yenye vipele, maana mkono ukishashika utelezi wa samaki mpini laini ni hatari. Mbao inapendeza, lakini inakunywa maji na kutunza harufu, na shombo la sangara unalijua. Vichwa sikatagi nyumbani. Namwachia mama yule na panga lake, namuongezea chochote kidogo, nami visu vyangu vinapona.

Kisu cha pili, kile kikubwa cha mboga na nyama, ndicho kilichonisumbua kichwa. Huyu atakwambia nunua cha Kijapani, yule cha Kijerumani, na wote wanasema vizuri. Tofauti kubwa iko kwenye ugumu wa chuma, ambao hupimwa kwa vipimo vya Rockwell. Visu vingi vya Kijerumani viko kati ya 54 na 58, vya Kijapani mara nyingi vinafika 60 na kupita. Chuma kigumu kinashika makali muda mrefu na kinakubali kunolewa kwa pembe nyembamba, lakini kikikutana na mfupa kinamegeka. Chuma laini kidogo makali yake yanalala upesi, ila yanarudi kwa kunolewa. Kwa anayekata tangawizi na karoti tu, cha Kijapani ni raha. Kwa jiko la ziwani, ambako mwiba wa sato unaweza kujificha popote, mimi nachagua kinacholala kuliko kinachomegeka.

Changu nilikipata kwenye vyombo vya mtumba, Mlango Mmoja, kikiwa butu kabisa na kimechapwa neno Solingen. Huo ni mji wa Ujerumani, na sheria ya huko imelilinda jina hilo kwenye visu tangu 1938. Mhuri peke yake haunitoshi, kwa sababu kuchapa maneno kwenye bati ni rahisi. Kilichonituliza ni maandishi madogo chini yake: X50CrMoV15. Maana yake ni chuma chenye kaboni karibu asilimia 0.5, inayokipa ugumu, na kromiamu karibu asilimia 15, inayokizuia kushika kutu. Ukiyaona maandishi hayo, kwa kawaida umeshika kisu cha kazi hata kama mpini umechakaa.

Visu vingi vya mtumba na vya machinga havina maandishi, kwa hiyo natembea na sumaku niliyotoa kwenye spika ya redio mbovu. Ikikataa kushika bapa, nakirudisha, kwa sababu chuma cha pua kisichovutwa na sumaku kwa kawaida ni kile cha masufuria na masinki, nacho hakiwezi kukazwa kwa moto. Ikishika, bado si uthibitisho. Naangalia na mengine. Nakielekeza kisu kwenye mwanga, mgongo juu, nione kama kimenyooka mpaka nchani. Natazama pale chuma kinapoingia kwenye mpini: kama kuna mwanya, maji yataingia na kutu itafanya kazi ndani kwa ndani. Kisha nakishika kama ninayekata kitunguu na kugonga kibao, nione kama vidole vinabaki na nafasi chini ya mpini. Hili la mwisho wauzaji hawalipendi, lakini kisu kinachokugongesha vidole mezani utakichukia hata kiwe cha dhahabu.

Kuna fundi mhunzi aliyetaka kunitengenezea kingine kwa chuma cha springi ya gari. Ni chuma kizuri, chenye kaboni ya kutosha, na sina dharau na wahunzi wetu: ng'ambo ya ziwa, Buhaya, watu walikuwa wanayeyusha chuma kiasi cha miaka 2,000 iliyopita. Shida ni ndimu. Mimi kila samaki namkamulia ndimu, na kisu kisicho na kromiamu kikiachwa na ndimu kinapiga weusi, kesho yake kutu. Kwa mtu mwenye tabia ya kufuta kisu palepale na kukipaka mafuta ya kula, kitamfaa. Nyumbani kwangu visu vinashikwa na watu wengi.

Cha tatu ni kidogo cha kumenyea viazi na vitunguu, sentimita 9 hivi. Hapo usiumize kichwa, cha bei nafuu kinatosha.

Pesa iliyobaki ilikwenda kwenye jiwe. Mzee wa baiskeli anayepita mtaani na gurudumu lake ana msaada kwa majembe na mapanga, lakini jiwe kavu linalozunguka kwa kasi linapasha chuma moto. Ukiona makali yamegeuka rangi ya bluu, ugumu umeshapotea pale. Jiwe la kulaza mezani halina hatari hiyo. Langu lina pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini. Nalilaza juu ya kitambaa kibichi lisiteleze, nalimwagia maji, kisha naweka pembe kwa kiberiti. Bapa la kisu changu kikubwa lina upana wa sentimita 4.5. Mgongo ukiinuka sentimita 1.5, karibu na unene wa kiberiti, makali yanakaa kwenye pembe ya nyuzi 19 au 20. Kiberiti nakitumia kupima mwanzo tu, kisha nakiondoa na mkono unakumbuka.

Nasugua upande mmoja bila kuhama mpaka nikipitisha kidole gumba upande wa pili, kutoka mgongoni kuelekea nje, nisikie chuma kimejikunja kinakwaruza urefu wote. Kisipokwaruza mahali fulani, mahali hapo sijafika. Ndipo nageuza, nafanya vilevile, kisha upande laini kwa mkono mwepesi. Nyanya iliyoiva ndiyo mkaguzi: kisu kikiingia kwenye ganda bila kukandamizwa, kazi imekwisha.

Baada ya hapo ni kutokiharibu. Kibao cha mbao au plastiki, si sahani wala marumaru. Kukoshwa peke yake na kufutwa, si kutupwa kwenye beseni pamoja na masufuria, ambako kitagonga na mtu atajikata. Nimekatia kila kisu ala ya boksi gumu na kuizungushia utepe wa gundi.

Ukilitafuta jiwe, usihangaike sana na maduka ya vyombo. Ulizia wanaouza vifaa vya ujenzi na zana za mafundi seremala, maana maseremala wananoa patasi na randa kila siku. Omba lenye pande mbili, na upitishe rula juu yake kabla hujalipa, maana lililopinda litakupindia kisu.